Nyufa Hazina Wastani

Vijana wangu wa maabara, friji mliyonipa siku ya kuniaga inagandisha vizuri, na keki ililiwa ikaisha. Kwa hayo nashukuru. Lakini nilimsikia yule aliyenong'ona, akidhani uziwi huingia siku moja na kustaafu, kwamba sasa mama akiondoka tutapata nafasi ya kulisafisha lile kabati la madongoa. Sikuwa nimetoka hata mlangoni, jamani. Basi mjue kabati mtakalolifungua ni tupu. Madongoa nimeyabeba. Yako sebuleni kwangu hapa Bariadi, kwenye shelfu niliyoichongesha kwa fundi, kila dongoa limefungwa uzi na lina jina la shamba lilikotoka. Kabla hamjaja kuyadai kwamba ni mali ya ofisi, someni haya kwanza.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vyangu vilikuwa vifupi, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huo huo mnaoulalamikia ninyi.

Mnaniita Mama Nyufa, na wengi wenu sidhani mnalijua jina langu lingine. Naitwa Mwanaidi Pazi, Mzaramo wa Kisarawe. Nililetwa Bariadi wakati bado ni wilaya ya Shinyanga, Simiyu haijawa mkoa, nikashuka kwenye basi na sanduku la bati na viatu vya wazi, kwa kuwa hakuna aliyeniambia habari ya tope. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Ndaki, Msukuma wa Nassa, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililokuwa limeacha kuwa jeupe. Aliniuliza kabila, nikamwambia. Akacheka peke yake, akaita wenzake waje wamwone mtani aliyeletwa na serikali bure bila mahari.

Kwa wale mliokulia mjini na utani mnausikia tu: Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za misafara ya mababu. Mtani anakutukana mchana kweupe na wewe unacheka. Anaweza kukuchukulia kuku. Na kwenye msiba wako ana ruhusa ya kuruka ndani ya kaburi kabla maiti hajashushwa, akakaa humo, akakataa kutoka mpaka apewe ada yake. Hakuna wa kumkasirikia. Ukimkasirikia mtani, wewe ndiye unayeonekana huna adabu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kinu na mchi. Udongo ulikuja kwenye mifuko kutoka kila pembe, Mkula, Nassa, Maswa huko, na kanuni ilikuwa moja: kausha, saga, chekecha. Kilichopita kwenye chekeche kilipimwa, kilichobaki juu kilirudi kinuni. Nilisaga mpaka mikono ikatoa malengelenge. Mzee Ndaki akaniambia nisijali, wake wa Kisukuma wanatwanga kila siku na hawaandikiwi ripoti. Nikamjibu kwamba wake wa Kisukuma wanakula walichotwanga. Tulielewana hivyo miaka yote.

Nilichogundua mapema ni kwamba udongo wa huku haupendi kusagwa. Mchanga wa vilimani, ule wanaouita luseni, unapita kwenye chekeche kama sukari. Lakini mbuga, ule udongo mweusi wa mabondeni, ni mkaidi. Mvua ikinyesha unavimba na kunata, unatembea na kiwanja kizima miguuni. Kiangazi kikifika unajikunja na kupasuka, nyufa za kuingiza mkono mpaka begani. Dongoa lake likikauka, mchi unadunda. Na nilipofaulu kulisaga, unga wake tuliujaza kwenye bomba, tukamimina maji juu, maji yakakaa pale pale yanatutazama. Tukaandika: maji hayapenyi. Tuliandika hivyo kwa kila mbuga iliyokuja, nami nikaona ni kweli, maana nilikuwa nimeona kwa macho yangu.

Aliyeniharibu akili ni Dakta Bupe. Huyu alikuwa mwanamke wa Kinyakyusa, mrefu, wa chuo kikuu, aliyekuja kufanya utafiti wake msimu mmoja na akaomba kona ya meza kwetu. Siku ya kwanza alisimama akanitazama ninavyotwanga mpaka nikaona aibu. Kisha akasema, "Mwanaidi, mnasaga nyumba, halafu mnapima vyumba."

Nilikasirika. Mikono yangu ilikuwa na malengelenge na yake ilinukia losheni. Lakini kesho yake nilipanda naye gari, kwa sababu neno lile lilikuwa limeniganda kichwani usiku kucha.

Alinipeleka mbugani kiangazi kimepamba moto. Akanipigisha magoti kwenye ufa mpana kama kiganja. Kwenye ukuta wa ufa ule kulikuwa na nyufa nyingine, za upana wa kidole. Akabandua kipande cha ukuta, nacho kilikuwa na nyufa za upana wa uzi. Akakivunja, akanipa lenzi ya mkononi: nyufa tena. Kila hatua ilikuwa picha ile ile, ila imepungua. Akasema umbo la namna hiyo, ambalo kipande chake kidogo kinafanana na kikubwa chake, wataalamu wanaliita fraktali, na kwamba duara na pembetatu tulizofundishwa shuleni haziwezi kulipima, kwa kuwa hizo ukizisogelea huwa laini, na hili ukilisogelea linazidi kukatikakatika.

Nikamwambia, basi huo ni ukoo. Huyu hapa ni mama. Hawa wa upana wa kidole ni watoto. Hawa ni wajukuu. Hawa vitukuu. Na hawa wa kwenye lenzi ni vilembwe, na bila shaka vilembwekeza wapo, ila macho yangu yameishia hapa. Dakta Bupe alicheka mpaka akakaa chini na suruali yake safi. Tangu siku ile hakutumia majina ya kitabuni mbele yangu. Alikuwa akiniuliza, "Shamba hili lina vitukuu?" Nami nilijua anachouliza, na yeye alijua ninachojibu.

Nitawaeleza namna tulivyofanya, kwa sababu siku hizi kompyuta inawafanyia kwa kupepesa jicho na hamjui imefanya nini. Tulikuwa na fremu ya mbao tunailaza juu ya ardhi, na kamera tunaipandisha juu ya ngazi. Kivuli ni adui. Jua la saa sita linajaza ufa mwanga, jua la asubuhi linachora nyufa za uongo. Dawa yake ni kanga, watu wawili wanaishika juu kama wanamstiri bibi harusi, na iwe kanga nzito isiyo nyeupe. Picha zilisafishwa Mwanza. Zikirudi, tunalaza juu yake nailoni angavu yenye miraba, kwanza miraba mikubwa, tunahesabu ile iliyoguswa na ufa. Kisha nailoni ya miraba ya nusu yake. Kisha nusu ya nusu.

Sasa sikilizeni. Kama nyufa zingekuwa kamba moja iliyonyooka, ukipunguza mraba kwa nusu, hesabu ya miraba iliyoguswa inazidi mara mbili. Kama zingekuwa mkeka uliofunika sakafu yote, inazidi mara nne. Nyufa za mbuga hazikuwa kamba wala mkeka. Zilizidi zaidi ya mara mbili, zikashindwa kufika nne, na zilifanya hivyo hivyo kila nilipopunguza mraba, bila kubadili tabia. Nilipoweka nukta kwenye karatasi ya grafu ya logariti, zikajipanga mstari kama wanafunzi asubuhi. Mwinamo wa ule mstari ndio kipimo: namba iliyo kati ya moja na mbili, inayosema ukoo huu unazaa kwa kiasi gani. Nilipoiona mara ya kwanza nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Nilikuwa nimeusaga udongo ule miaka, sikuwahi kuona kwamba una mpangilio.

Madongoa nayo yalikuwa na hesabu yake. Dongoa unalifunga uzi, unalichovya kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, unalitumbukiza majini ujue ukubwa wake bila maji kuingia ndani. Nilinunua mishumaa mpaka mwenye duka jirani akawa ananipa pole kila mara kwa umeme kukatika nyumbani kwangu tu. Mengine tuliyaangusha kutoka usawa wa kiuno juu ya ubao, tukayatenga vipande kwa ukubwa, na vipande navyo vilifuata sheria ile ile: wakubwa wachache, wa kati zaidi, wadogo wengi, kila rika na idadi yake.

Dakta Bupe aliondoka msimu ulipokwisha, akaniachia lenzi yake na tabia yake ya ubishi. Niliendelea peke yangu, saa za kazi nikisaga kama kanuni inavyotaka, na saa zangu nikipiga picha. Nilijifunza kwamba mbuga iliyokanyagwa na ng'ombe ikiwa mbichi inapasuka nyufa pana za kutisha lakini hazina wajukuu. Mama peke yake, mgumba, na maji yakiingia humo yanakwenda chini moja kwa moja, mzizi hauyapati. Ile isiyokanyagwa ina ukoo mzima, maji yanagawanywa mpaka kwa kilembwe. Mtu akitazama juu juu, shamba bovu ndilo linaloonekana limepasuka zaidi. Ndiyo maana nawaambia msipime kwa macho.

Nilijifunza pia kufunga funguo kiunoni. Kule Mkula, dereva wetu aliinama kunionyesha panya, ufunguo wa gari ukateleza mfukoni mwake ukaingia ufani. Tuliusikia ukigonga, ukagonga tena, halafu kimya. Tulijaribu waya, tukajaribu fimbo yenye lami, tukaishia kupanda baiskeli za watu. Mbuga hujipindua polepole, ya chini ikaja juu, kwa hiyo nina imani siku moja utarudi. Gari lenyewe liliuzwa chakavu zamani.

Ofisini walicheka. Jina la Mama Nyufa lilianza kama dhihaka, mjue, si heshima. Kwenye vikao nikiinua mkono, watu walikuwa wakitazama saa. Mzee Ndaki, Mungu amrehemu, alistaafu akinisihi niachane na mambo hayo, maana ufa ni kitu cha kuziba, si cha kusomea. Nilimbusu mkono na sikumtii.

Kisha ukaja mradi wa mipango ya ardhi. Mratibu wake alikuwa Masanja, Msukuma wa Magu, mtu safi, mchapakazi, asiyelala, na mwenye ugonjwa mmoja tu: jedwali. Kila aina ya udongo ilitakiwa kuwa na mstari wake, na kila mstari safu zake, na kila safu namba moja. Timu yake ilipita Ipililo katikati ya mvua, mbuga imevimba, nyufa zote zimefunga. Wakapigilia pete ya chuma ardhini, wakaijaza maji, maji hayakushuka. Wakachukua udongo, ukasagwa kwenye maabara yetu, maji hayakushuka. Namba zikakubaliana vizuri sana. Uongo wa namna mbili ukikubaliana huitwa uthibitisho.

Rasimu ilisema mbuga ile haipokei maji, haifai kilimo. Walioilima wapande juu kwenye luseni, na bonde litengwe liwe malisho.

Mimi Ipililo nilikuwa na picha za miaka. Na nilikuwa na Mama Minza. Huyu ni mjane ambaye shamba lake nilikuwa nikilipiga picha kila kiangazi, mwanamke wa maneno machache, Mkatoliki wa rozari shingoni, aliyekuwa akinipokea kwa "mwangaluka mayu", salamu yao ya asubuhi, hata nikifika saa kumi jioni, kwa kunitania kwamba watu wa pwani ndiyo kwanza wanaamka. Bondeni alikuwa na majaruba ya mpunga, pamba pembeni, na mvua zikiisha anapanda dengu. Wanawe walisoma kwa bonde lile. Kule juu kwenye luseni alikuwa na kipande cha mchanga kisichotosha kuzikia paka. Aliposikia rasimu inasema nini, alinitumia ujumbe mmoja kwa simu ya jirani: tunaondolewa, wewe unajua.

Neno lile, wewe unajua, lilinikosesha usingizi. Nilikuwa najua kweli. Nilikwenda kwa Masanja na picha zangu na grafu zangu. Nikamweleza kwamba mbuga hupokea maji ya mwaka mzima wiki za kwanza za mvua, kupitia nyufa, halafu inajifunga na kuyatunza. Wao walifika mlango umeshafungwa, wakaandika nyumba haina mlango. Nikamuuliza, dengu hupandwa mvua zimekwisha, sasa kama maji hayapenyi, dengu za Ipililo zinakunywa nini? Akaniambia dengu hazimo kwenye jedwali.

Alikuwa mtu wa haki lakini. Akafungua kompyuta, akasema yuko tayari kuongeza safu ya nyufa. Nimpe tu wastani wa upana wa ufa.

Nikamwambia hakuna.

Akadhani sijapima. Nikamwambia nimepima mpaka macho yameharibika, ila wastani haupo. Ukichukua bibi wa miaka tisini na kitukuu wa siku mbili ukatafuta wastani, utapata mtu wa makamo ambaye hayupo kwenye ile nyumba. Kila nikitumia kipimo kidogo zaidi, nyufa mpya zinatokea, na wastani unashuka. Namba ninayoweza kumpa ni ile ya kuzaliana kwao, ile ya kati ya moja na mbili. Akaitazama, akaniuliza vipimo vyake ni milimita au sentimita. Nikamwambia haina. Namba isiyo na milimita wala sentimita! Alinitazama kama mtu aliyeletewa mchuzi usio na sufuria.

"Mtani," akasema, akifunga kompyuta, "usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata wahenga wako wa pwani wanalijua hilo."

"Wahenga wangu walikuwa na nyumba za udongo," nikamjibu. "Huku ukiziba ufa unajenga njaa."

Nilitoka nikiwa nimeshindwa, na tusidanganyane, nililia garini. Hasira ilikuwa nyingi kuliko huzuni. Nilikuwa nimefanya kila kitu kama msomi, kwa picha, kwa grafu, kwa sauti ya chini, na kwa sauti ya chini nikaondolewa mlangoni.

Siku ya kuitangaza rasimu kwa wanakijiji ilikuwa mwisho wa kiangazi, mvua bado hazijaja. Mradi ulichimba shimo shambani kwa Mama Minza, refu kwenda chini kupita kimo cha mtu, la kuwaonyesha watu tabaka za udongo wao. Watu walizunguka. Wanawake walikuwa wametoka lamboni na ndoo zao, wakazitua wasikilize. Masanja akasimama ukingoni, akaeleza kwa Kisukuma kizuri kwamba bonde hili ni zito, maji hayaingii, serikali inawatakia mema. Nyuma ya viatu vyake kulikuwa na ufa ambamo angeweza kuupoteza mguu.

Nilimtazama Mama Minza. Hakuwa analia. Alikuwa anaitazama ndoo yake.

Sikupanga. Wallahi sikupanga. Niliona shimo, niliona Msukuma amesimama ukingoni kwa sauti ya msibani, na miguu yangu ya Kizaramo ikakumbuka kazi yake. Nikakunja gauni, nikashuka kwa ngazi, nikakaa chini kabisa ya lile shimo, nikaegemea ukuta.

Kicheko kilianza kwa wazee, wao ndio walioelewa kwanza. Masanja akainama.

"Mama Pazi, toka humo."

"Sitoki. Mnazika bonde hili, na mimi ni mtani wa wafiwa. Nipe ada yangu."

Watu walikuwa wameshashika mbavu. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Angeweza kunifukuza kazi kama afisa mwenzake, lakini mtani aliyeko kaburini hafukuzwi, na yeye ni Msukuma wa Magu, amelelewa, alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Hasira ilimpita usoni, nikaiona. Mwisho akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua ameshikwa:

"Ada gani?"

"Maji. Kwenye ufa ulio nyuma yako. Uyamimine kwa mkono wako mwenyewe."

Kicheko kikapungua. Mwisho wa kiangazi, maji ya lambo hayamiminwi ovyo. Kila mwenye ndoo alikuwa ameyabeba kutoka mbali, na ng'ombe wake walikuwa wanayasubiri. Masanja mwenyewe akasita, akasema si vizuri kupoteza maji ya watu. Ndipo Mama Minza akanyanyua ndoo yake, akaiweka miguuni pa Masanja.

"Mimina, baba," akasema. "Ni maji yangu."

Akamimina. Ndoo nzima iliingia kwenye ufa bila kutoa hata sauti ya kushiba. Mwanamke mwingine akasogeza ya kwake. Ikaingia. Ya tatu ikaingia. Mimi huko chini nilikuwa nimeegemea ukuta nikisali kimyakimya, maana kusema kweli sikuwa na hakika ufa ule unaelekea wapi. Ukoo ni ukoo, lakini kuna wanaohamia mbali. Kisha nikasikia baridi begani. Ukuta ulianza kutoa jasho, kwanza kwenye ufa wa upana wa kidole, halafu kwenye nyufa za upana wa uzi, kisha dongoa zima likawa limelowa, na maji yakanishuka mgongoni mpaka kwenye viatu.

"Mtani," nikamwita, "njoo uone maji yasiyopenya."

Alishuka. Na suti yake. Akachuchumaa mbele ya ukuta ule, na kwa mara ya kwanza hakutafuta namba. Nilimwonyesha kwa kidole: mama, mtoto, mjukuu, kitukuu. Niliweka lenzi ya Dakta Bupe mkononi mwake nikamwacha amtafute kilembwe mwenyewe. Alikaa humo muda mrefu kuliko adabu ya kazi. Kisha akasimama, akafuta magoti, akaniambia ada imelipwa, nitoke.

Msidhani mambo yaliishia kwa vigelegele. Njia nzima kurudi Bariadi hakusema nami. Lakini ile rasimu ilirudishwa. Mbuga zote zikapimwa upya kiangazi, nyufa zikiwa wazi, na picha zikapigwa kwa kanga, na walioishika kanga ni wale wale waliokuwa wakitazama saa kwenye vikao. Bonde la Ipililo likabaki na wenyewe. Mama Minza bado analima, magoti yanamsumbua, dengu hazimsumbui. Ripoti ya mwisho haikutaja neno fraktali hata mara moja, na jedwali lilibaki na safu ile ile ya wastani. Ila kwenye mstari wa mbuga, safu ile iliachwa wazi. Nilimuuliza Masanja ni kosa la uchapaji? Akasema si kosa.

Sasa ninyi. Najua kanuni bado ni kausha, saga, chekecha. Kwa kupima rutuba sina ugomvi nayo, sageni. Lakini mtu akiwaletea udongo na swali la maji, au la mzizi, au la kama bonde liko hai, na ninyi mkautia kinuni, mtakuwa mmemjibu kabla hamjamsikiliza. Wenye vyeo watawaambia hakuna muda. Watawaambia namba isiyo na sentimita si namba. Watawaita majina. Mimi waliniita jina, nikalivaa mpaka likanizoea, na hapa ninapoandika bado sijakubali hata kidogo kwamba walikuwa na haki.

Karibuni nyumbani myaone madongoa, chai ipo. Atakayeleta kinu, abaki nacho nje ya geti.

Masanja naye amestaafu, anafuga mbuzi Magu. Nilimpigia simu kumweleza kwamba mlitaka kuyatupa.

"Mtani," akasema, "siku yako ikifika nami nikiwa hai, nitaingia kaburini mwako nikae humo. Na sitoki mpaka wanipe ada."

Nikamuuliza atadai nini, maana kwa meno aliyobakiza kuku atamshinda.

"Dongoa moja," akasema. "Zima."

Nimeshamwekea. Ni la Ipililo, la ukuta ule ule niliouegemea, na uzi wake nimeufunga mara mbili.